Dell ya zamani iwe seva ya faili za nyumbani: diski za CCTV zinafaa? Na stima ikipotea je?

kasarani_4B aliuliza:

Habari wadau. Niko na Dell OptiPlex 7010, ule mnara (MT), prosesa i5-3470, RAM ya GB 8, diski ya GB 500 iliyokuja nayo, na SSD ya GB 120 iliyolala tu. Nataka iwe seva ya faili hapa kwa nyumba: laptopu tatu, simu nne na TV zifikie picha, hati na filamu mahali pamoja, badala ya flashi kuzungushwa kama sahani ya sadaka. Ruta ni ile ya fiba niliyopewa na mtoa huduma. Nyumba ni ya kupanga, ghorofa ya nne, stima ni ya tokeni na hupotea mara mbili tatu kwa wiki. Kuna siku inarudi na kupotea tena papo hapo.

Barabara ya Luthuli, Nairobi, kuna muuzaji ana diski za TB 4 zilizotolewa kwa mashine za CCTV, bei nusu ya mpya. Ni za kununua? Mashine yenyewe inatosha ama nitafute ya juzi kidogo? Niweke mfumo gani, na RAID (diski kadhaa kufungwa pamoja kama moja) ni lazima? Halafu ikiwaka mchana na usiku, tokeni zitaenda kiasi gani?


fundi_diski:

Mashine inatosha, usiibadilishe. Kugawa faili si kazi ya prosesa. Hiyo i5 itakuwa inasinzia. Kinachobana ni waya wa mtandao: gigabiti moja hupitisha kama MB 110 kwa sekunde, na diski ya kawaida ya kuzunguka hufika hapo bila jasho. Hata soketi za SATA za kizazi cha pili, zile za Gb 3, hupitisha karibu MB 300. Pesa ya mashine mpya ipeleke kwa diski na UPS (betri ya kushikilia stima ikipotea).

Kabla ya lolote, badilisha betri ya CMOS, ile CR2032 bapa kama sarafu. Kwa mashine za umri huu mara nyingi imekufa na hakuna anayejua, kwa sababu ofisini mashine ilikuwa imechomekwa ukutani miaka yote. Ikiwa imekufa, kila stima ikipotea BIOS (programu ya kuwasha mashine) inasahau kila kitu: saa inarudi nyuma miaka, mpangilio wa SATA unarudi ule wa kiwandani, na mashine inasimama ikingoja mtu abonyeze F1. Seva haina skrini wala kibodi, kwa hivyo wewe utaona tu kwamba haipatikani, na utaanza kulaumu ruta.

Ukishaweka betri, ingia BIOS kwa F2. SATA Operation iwe AHCI. AC Recovery iwe Power On, yaani iwake yenyewe stima ikirudi. Chini ya POST Behavior toa tiki kwa Keyboard Errors, la sivyo itagoma kuwaka bila kibodi. Ukitaka kuiamsha kwa mtandao, Wake on LAN iwe LAN Only na Deep Sleep Control izimwe. Watu wengi huwasha ya kwanza, husahau ya pili, halafu hushangaa mbona haiamki.

Mfumo: OpenMediaVault (OMV). Ni Debian iliyovishwa ukurasa wa kuiendesha kwa kivinjari, na kwa GB 8 za RAM itabaki na nafasi tele. TrueNAS, mfumo mwingine wa kazi hii, ni nzuri, lakini GB 8 kwake ndicho kiwango cha chini kabisa, na kwa diski mbili hutaona faida ya kujibana hivyo.

Andika ISO (faili ya kusakinisha OMV) kwa flashi ukitumia Rufus au balenaEtcher. Unaposakinisha, chomoa diski zote za data, iachwe SSD peke yake. Kisakinishi hutwaa diski nzima unayokionyesha, na majina ya diski, sda na sdb, hufanana sana saa sita usiku. Ikimaliza, skrini itaonyesha anwani ya IP. Ifungue kwa kivinjari cha laptopu, jina admin, nenosiri openmediavault. Libadilishe hapo hapo. Kisha nenda kwa ruta uifungie seva anwani moja ya DHCP, isije ikahama wiki ijayo na kila laptopu ipoteze njia.

Zima, rudisha diski, washa. Futa diski, tengeneza mfumo wa faili wa ext4, upachike (mount, yaani uiunganishe diski na mfumo), ndipo uunde folda ya kushirikiwa, watumiaji, halafu SMB (huduma ya kugawa folda kwa mtandao). Fuata mpangilio huo huo. Kila hatua utaona ukanda wa njano juu wenye alama ya tiki: bila kuubonyeza, ulichoandika hakijafanya kazi.

Nafasi ndani: madabodi ya MT ina soketi nne za SATA na moja imekaliwa na DVD. Chomoa DVD, utabaki na SSD, diski mbili na soketi ya akiba. Pawa sapulai ya W 275 inatosha. Diski ya inchi 3.5 huvuta kama A 2 za volti 12 inapoanza kuzunguka, yaani W 24 hivi, kisha hutulia kwa W 5 hadi 8. Ukihitaji waya wa kugawa umeme wa SATA, usichukue ule ambao kichwa chake kimemwagiwa plastiki kikawa kipande kimoja. Ndani nyaya hukaribiana, plastiki ikilainika kwa joto zinagusana, na hapo si diski tu inayoungua. Chukua ule wenye kichwa cha kufunguka, unaoona kila waya umebanwa mahali pake.


sekta_mbovu:

Nizungumzie hizo diski za Luthuli, kwa sababu hapo ndipo mtu huokoa elfu chache akapoteza picha za miaka kumi.

Diski ya CCTV si mbaya kwa asili yake. Zile za WD Purple na Seagate SkyHawk zimeundwa kuandika saa 24. Swali ni imetembea kilomita ngapi. Nenda na laptopu, flashi yenye Linux ya moja kwa moja na adapta ya SATA kwenda USB yenye umeme wake wa V 12, maana ya inchi 3.5 haiwaki kwa umeme wa USB peke yake. Muuzaji akikataa ujaribu, jibu umepata. Amri ni hii:

sudo smartctl -a /dev/sdb

Angalia safu ya mwisho, RAW_VALUE, kwenye mistari hii. Namba 5 (Reallocated_Sector_Ct), 197 (Current_Pending_Sector) na 198 (Offline_Uncorrectable) ziwe sifuri. Si “chache tu”, ni sifuri. 197 ikiwa na hata 8, maana yake kuna sehemu diski imeshindwa kusoma na bado inajadiliana nazo. Namba 9 ni saa za kuwaka. Mwaka mmoja ni saa 8,760, kwa hivyo 35,000 ni miaka minne ya kutozimwa. Mimi hapo siweki pesa. Namba 199 (UDMA_CRC_Error_Count) ikiwa juu, kosa kwa kawaida ni la kebo, si la diski, kwa hivyo usiitupe diski kwa sababu hiyo. Na kwa Seagate, namba 1 na 7 huonyesha mamilioni kwa diski nzima kabisa. Ndivyo wanavyozihesabu, usiogope.

Kuna ujanja: kaunta ya saa inaweza kurudishwa sifuri, kama vile maili za gari. Kwa diski za Seagate, smartctl toleo 7.4 kwenda juu husoma kumbukumbu nyingine ya ndani inayoitwa FARM:

sudo smartctl -l farm /dev/sdb

Saa za SMART (zile za namba 9) zikisema 40 na za FARM zikisema 28,000, rudisha diski mezani na uende zako.

Mitego mingine miwili. Wa kwanza ni diski za SAS kutoka kwa seva za ofisi, ambazo huuzwa bei ya kutupa. Kichwa chake hakina lile pengo kati ya sehemu ya data na ya umeme, limezibwa. Haitaingia kwa Dell yako hata ukiomba. Wa pili ni SMR, diski ambazo njia zake za kuandikia data zimepandana kama vigae vya paa. Kusoma ni sawa, lakini ukiandika gigabaiti nyingi mfululizo kasi huporomoka, na kujenga RAID upya juu yake ni mateso. BarraCuda ST4000DM004 ya TB 4 ni SMR. IronWolf zote ni CMR, zile zisizopandana. WD Red za kawaida za TB 2 hadi 6 zenye herufi EFAX ni SMR, Red Plus ni CMR. Soma namba ya modeli kwenye karatasi ya diski yenyewe, si kwa sanduku.

Ukishainunua, usiiamini bado. Endesha smartctl -t long. Kwa TB 4 ni kama saa nane. Wengine watakwambia ufanye badblocks -b 4096 -wsv, ambayo hufuta kila kitu na kuandika na kusoma diski yote mara nne. Ni zaidi ya siku mbili na nusu. Kwa stima ya hapa utaianza mara tano kabla imalize, kwa hivyo fanya long test, jaza diski mara moja, halafu long test tena.

RAID: si lazima, na kwako ningesema usiweke. RAID 1, diski mbili zikibeba data ile ile, hukulinda diski ikifa ili kazi isisimame. Mtoto akifuta folda ya picha, imefutwa kwa diski zote mbili sekunde hiyo hiyo. Weka diski ya pili peke yake na uinakilie kila usiku kwa amri ya kunakili, rsync -a --delete.


fundi_diski:

Nakubaliana nawe kuhusu RAID, lakini hiyo rsync uliyoandika ina matundu mawili. Folda iliyofutwa saa kumi jioni itafutwa kwa nakala saa nane usiku, kwa hivyo umempa masaa kumi tu ya kugundua. Baya zaidi: diski kuu ikikosa kupachikwa asubuhi moja, njia yake inabaki folda tupu, na --delete inaona “chanzo hakina kitu” na kuisafisha nakala yote. Iwe hivi:

mountpoint -q /srv/kuu && mountpoint -q /srv/nakala && rsync -a --delete --backup --backup-dir=/srv/nakala/zamani/$(date +%F) /srv/kuu/ /srv/nakala/sasa/

Kilichofutwa au kubadilishwa kinahamia folda ya tarehe hiyo badala ya kupotea. Kila miezi mitatu futa tarehe za zamani kwa mkono. Folda ya zamani ikae nje ya sasa, zisiwekwe moja ndani ya nyingine. Mkwaju wa mwisho baada ya kuu una maana: ukiuacha, rsync itaunda sasa/kuu. Ukiandika amri moja kwa moja kwa crontab (ratiba ya kazi za Linux), alama ya % itanguliwe na \, kwa sababu cron hukata mstari hapo na hutapata kosa lolote la kueleweka. Njia nilizoandika ni za mfano. Kwa OMV diski hupachikwa kwa jina refu linaloanza /srv/dev-disk-by-uuid-, nakili kama lilivyo.

Na hiyo diski ya GB 500, kama SMART yake ni safi, iweke kwa kasha la USB, ijaze picha na hati tu, ikae ushago au ofisini. Filamu hupatikana tena. Mwizi akibeba mnara, hubeba diski zote mbili.


tokeni_30:

Hesabu ya stima. 7010 ikiwa na SSD na diski mbili, bila kazi nzito, chukulia W 40. Mara saa 24 ni 0.96, yaani karibu uniti moja kwa siku, uniti 28.8 kwa mwezi. Chukua ujumbe wa tokeni uliyonunua mwisho, gawanya pesa uliyolipa kwa uniti ulizopata, zidisha kwa 29. Hiyo ndiyo bei yako halisi, ushuru wote ukiwemo.

Lakini kuna jambo ambalo watu hawalioni. Bei ya matumizi ya nyumbani imegawanywa kwa makundi: hadi uniti 30 kwa mwezi, zaidi ya 30 hadi 100, na zaidi ya 100. Kama sasa unatumia 80, hii seva inakuvusha 100 na kukuhamishia kundi la bei ya juu. Kwa hivyo ukikaa karibu na mpaka, usiiwashe siku nzima. Kwenye BIOS kuna Auto On Time: iweke iwake saa kumi na moja jioni kila siku. Kwa OMV, kwenye Power Management, ratibu izime saa tano usiku. Saa sita kwa siku ni uniti 7.2 tu kwa mwezi. Hapo nakala ya rsync ipange saa nne usiku, si saa nane mashine ikiwa imelala. Ukiiacha ikiwaka siku nzima, weka diski zilale baada ya saa moja bila kuguswa. Dakika tano ni kuziua kwa kuziamsha mara mia kwa siku.

UPS ni lazima, na si ya kukaa nayo muda mrefu. Stima kupotea ni jambo dogo. Kinachoua ni ile kurudi na kupotea ndani ya sekunde kumi, diski ikiwa ndiyo kwanza inapata kasi. VA 650 yenye kusawazisha volti inatosha. Ndani huwa na betri ya V 12, Ah 7, na mnara wako pamoja na ruta hauzidi W 60, kwa hivyo ikiwa mpya una nusu saa hivi. Hakikisha ina soketi ya USB ya data nyuma. Zile za bei ya chini kabisa hazina, na bila hiyo seva haiwezi kujua kwamba iko kwa betri.

Weka programu-jalizi ya NUT, inayoongea na UPS, kwa OMV. Dereva wa APC ni usbhid-ups. Kwa chapa nyingi za bei nafuu jaribu nutdrv_qx. Agiza seva izimwe betri ikikaribia kuisha, au baada ya dakika tano, kulingana na umri wa betri. Ndiyo maana fundi_diski amesema AC Recovery iwe Power On na si Last State: NUT ikiizima vizuri, “hali ya mwisho” ni kuzimwa, na stima ikirudi itabaki imezimwa.


kasarani_4B:

Asanteni sana. Nimesakinisha, diski zimepita long test, folda zinaonekana. Shida mbili. Kunakili filamu kutoka laptopu iliyochomekwa kwa waya ni MB 11.3 kwa sekunde, haipandi hata kidogo. Na laptopu ya Windows 11 inakataa kabisa kuingia, ingawa za Windows 10 zinaingia bila hata kuuliza nenosiri. Pia, naweza kufikia faili nikiwa tao?


waya_nane:

MB 11.3 ni alama ya kidole: uko kwa megabiti 100, si gigabiti. Diski haina kosa. Kwa seva andika ip -br link upate jina la kadi ya mtandao (huenda ni eno1 au enp0s25), kisha:

sudo ethtool eno1 | grep Speed

Ikisema 100Mb/s, shida iko kati ya seva na ruta. Ikisema 1000Mb/s, angalia upande wa laptopu.

Mshukiwa wa kwanza ni waya wa ukutani. Megabiti 100 hutumia nyaya nne tu, pini 1, 2, 3 na 6. Gigabiti inataka zote nane. Mafundi wengi wa ploti hubana nne, au hugawa kebo moja iwe laini mbili, kwa sababu intaneti “inashika”. Tazama kichwa cha RJ45 kupitia plastiki yake ukikielekeza kwa mwanga, klipu yake ikiwa chini: kutoka kushoto utaona nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Kama buluu na kahawia hazifiki mbele, au zimekatwa nyuma ya kichwa, umempata. Ukinunua kebo mpya, kwangua waya mmoja kwa wembe: ndani ikiwa rangi ya fedha, ni alumini iliyopakwa shaba. Hukatika ndani ya kichwa ukiikunja mara chache, na kasi inarudi 100 bila wewe kujua.

Mshukiwa wa pili ni ruta yenyewe. Nyingi za fiba zina soketi moja tu ya gigabiti, kwa kawaida LAN1, na tatu za megabiti 100. Hamisha waya ujaribu. Dawa ya kudumu ni swichi ya gigabiti ya soketi tano: seva na laptopu ziingie kwa swichi, swichi iingie kwa ruta, na filamu hazitapita kwa ruta tena. Laptopu za Wi-Fi ya GHz 2.4 zitabaki polepole hata ufanye nini, hasa kwa ploti yenye mitandao thelathini.

Windows 11: toleo la 24H2 halikubali tena kuingia kama mgeni bila nenosiri, na linataka pakiti za SMB zitiwe saini. Linakufanyia hisani. Kwa OMV, kwenye SMB, weka Public kuwa No, na kila mtu awe na jina na nenosiri lake, si admin. Windows hupenda kujaribu na barua pepe ya akaunti ya Microsoft, kwa hivyo kwenye sehemu ya jina andika jina la seva, mkwaju wa nyuma, halafu jina la mtumiaji, mfano SEVA\mama. Kama imeshakariri jaribio bovu, fungua dirisha la amri uandike net use * /delete kabla ya kujaribu tena. TV ikikosa kuona folda, usiwashe SMB1, toleo la zamani la SMB, kwa ajili yake. Virusi vya WannaCry vya Mei 2017 vilipita mlango huo huo. Weka minidlna (huduma ya kupeleka filamu kwa TV), TV itaona filamu kama orodha.

Kutoka tao: usifungue bandari 445 kwa ruta, kamwe. Pengine hata hungeweza. Angalia anwani ya WAN kwa ukurasa wa ruta. Ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, uko nyuma ya CGNAT na huna anwani yako ya umma. Weka Tailscale (mtandao wa faragha, VPN) kwa seva na kwa simu. Hupenya CGNAT bila kugusa ruta. Usishtuke ikikupa nayo anwani ya 100 na kitu, hutumia safu hiyo hiyo.


kasarani_4B:

Ilikuwa LAN3. Nimehamisha hadi LAN1 na laptopu iko kwa swichi, sasa ni MB 108. Windows 11 imeingia. UPS nimepata yenye USB, NUT inasema OL (iko kwa stima). Naweza kuchomoa ukutani nione?


tokeni_30:

Chomoa, ingoje ibadilike kuwa OB (iko kwa betri), rudisha. Hilo linathibitisha tu kwamba inasoma. Kuthibitisha kwamba inazima kweli, funga faili zote kwa laptopu kisha uandike sudo upsmon -c fsd. Seva itazima, na UPS nzuri itakata umeme wake sekunde chache baadaye, kisha iurudishe na mashine iwake yenyewe. Kama UPS haikukata, andika hilo kwa karatasi uibandike kwa mnara: stima ikirudi kabla betri haijaisha, mashine haitajua chochote na utahitaji kuiamsha kwa Wake on LAN.